Gabriel Alipanda Ndege

Riwaya inayojulikana kuliko zote kuhusu utoto kwenye ncha hii ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika inatokea ng'ambo, Bujumbura. Ni Petit Pays ya Gaël Faye, iliyotoka Paris mwaka 2016 na mwaka huohuo ikapata tuzo ya Goncourt des lycéens, ambayo huamuliwa na wanafunzi. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa hapa Uvira, upande wa Kongo. Nakala yangu ilivuka mpaka wa Gatumba mkononi mwa jamaa aliyeitia kwenye mfuko mmoja na ndagala, na hadi leo ukiifungua unajua.

Msimulizi, Gabriel, ana miaka 10 mambo yanapoanza. Baba yake ni Mfaransa, mama yake ni mkimbizi kutoka Rwanda, na dunia yake ni kichochoro kimoja cha mtaa wa Kinanira: maembe ya majirani, gari bovu aina ya Combi Volkswagen ambalo yeye na wenzake wamelifanya kijiwe, na baiskeli. Juni 1993 Melchior Ndadaye anachaguliwa kuwa rais. Oktoba 21 anauawa. Vita vinaingia kichochoroni polepole, hadi wenzake walioiba naye maembe wanakuwa genge, na karibu na mwisho Gabriel analazimishwa kumchoma moto mtu aliyekwama ndani ya teksi.

Wasomaji wengi husema hapo ndipo utoto wake unapokatika. Mimi naona ulikatika zamani, siku ile ya baiskeli. Imeibwa, imeuzwa, inatafutwa mpaka inapatikana vijijini kwa watu maskini walioinunua kwa fedha yao halali. Gabriel anaichukua. Ni yake, hakuna wa kumpinga, na bado anarudi na aibu ambayo hajui aiweke wapi. Hakuna bunduki hata moja katika kurasa zile.

Nilipoisoma riwaya hii darasani, kijana wa benchi la nyuma alinyoosha mkono: "Prof, ule ni mtoto ya muzungu." Darasa lilicheka, nami nikacheka. Alikuwa amesema jambo ambalo wahakiki wa magazeti ya Paris walilizungukazunguka. Mwaka 1995, Gabriel na dada yake Ana wanapopandishwa ndege kwenda Ufaransa, watoto wa Kamenge na Bwiza, mitaa mingine ya Bujumbura, walikuwa wanavuka kwa miguu kuja kwetu. Mwaka uliofuata kambi za Runingo, Kagunga, Luberizi na nyinginezo kuzunguka Uvira zilikuwa na wakimbizi zaidi ya 200,000, wengi wao Warundi. Nilicheza mpira na baadhi yao. Walikuwa hodari, na hawakupenda kuulizwa nyumbani ni wapi.

Simdharau Gabriel kwa sababu ya ndege yake. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini upande wetu, ambako wavulana wa rika lake walichukuliwa porini kizazi baada ya kizazi, hakuna hata mmoja aliyekaa akasimulia namna ile.

Baba yangu alikuwa Mbembe wa Fizi. Alitahiriwa katika butende, kambi ya porini ambako wavulana walikaa na wazee mbali na mama zao, wakafundishwa nyimbo, miiko na kuvumilia kidonda. Kuhusu kukatwa hakuwa na maneno mengi. Alichopenda kusimulia ni kurudi: mwili umepakwa mafuta, ngoma inalia, akina mama wamepanga mstari kila mmoja akimtafuta wake kwa macho. Pori la siku zile lilikuwa na wenyewe. Waliokuchukua walijulikana kwa majina, na ilikuwa juu yao kukurudisha.

Katikati ya Mei 1964 waasi wa Simba waliiteka Uvira. Wafuliiru wa bonde la Ruzizi walikuwa wamekwisha kuinuka chini ya Musa Marandura, na Gaston Soumialot alikuwa ameuandaa uasi akiwa Bujumbura. Baba alikuwa na miaka 15. Alichanjwa, akanyunyiziwa maji ya dawa, akapewa miiko mipya: usigeuke nyuma vitani, usimguse mwanamke, usipeane mkono na asiyechanjwa. Ukishika yote hayo na kupiga ukelele wao wa vita, "Mai Mulele", risasi zitakuwa maji. Nilipokuwa mtu mzima nilithubutu kumuuliza kama aliamini.

"Nilikuwa mutoto," akasema. "Na ule alinichanja alikuwa mutu muzima."

Sijasoma maelezo ya uasi wa 1964 yaliyo mafupi na kamili kama hayo. Butende ilikuwa imewazoesha wavulana kumwamini mzee anayewaingiza porini, na vita viliikuta imani hiyo ipo tayari, vikaitumia. Mwaka uliofuata Che Guevara alivuka kutoka Kigoma mwezi wa Aprili akafika Kibamba kuwasaidia waasi, akaondoka Novemba. Juu ya miezi yake michache milimani kwetu vimeandikwa vitabu vya kujaza rafu. Juu ya wavulana wa Kibembe waliokuwa naye sijaona kimoja.

Oktoba 1996 nilikuwa na miaka 11. Mwezi ulianza kwa habari za Lemera, ambako hospitali ilivamiwa usiku na wagonjwa wakauawa vitandani. Siku mbili baadaye naibu gavana wa Kivu Kusini, Lwasi Ngabo, akawapa Wanyamulenge, Watutsi wa milimani kwetu, wiki moja wawe wameondoka. Mwezi haujaisha, Uvira ikawa mikononi mwa waasi wa AFDL, na baada ya muda tukaanza kulisikia jina la kiongozi wao, Laurent-Désiré Kabila, ambalo baba alilijua tangu ujana wake. Alilitamka bila furaha.

Vijana hawakuhitaji kuvutwa kwa kamba. Shule zilikuwa zimefungwa, askari wa Mobutu walikuwa wamekimbia huku wakipora, na mtaani ilisemwa kwamba wanaojiunga watalipwa dola 100. Mtoto wa mama yangu mkubwa, yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, wa miaka 14, aliondoka alfajiri bila kuaga. Alivaa sandali za mama yake kwa sababu zake zilikuwa zimekatika mkanda. Mama mkubwa aliuliza habari za sandali zile kwa miaka mingi. Ilikuwa njia yake ya kuuliza habari za mtu.

Mei 17, 1997 AFDL walipoingia Kinshasa, tuliwatazama kwenye televisheni ya jirani: safu za watoto waliovaa buti za mpira, silaha zimewazidi kimo, wakazi wa mji mkuu wakishangaa jeshi linalozungumza Kiswahili. Kadogo, ndivyo watoto-askari hao walivyoitwa, na kila kadogo aliyepita kwenye kioo alikuwa yaya. Makisio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba AFDL ilikuwa na watoto wapatao 10,000. Wa kwetu hakurudi. Januari 2001 Kabila, akiwa rais, alipigwa risasi na mmoja wa walinzi wake, Rashidi Kasereka, aliyekuwa kadogo, na baada ya hapo kuwa kadogo kutoka Kivu katika mji ule hakukuwa heri.

Huku kwetu vita vya pili vilikuwa vimeanza Agosti 1998. Mwaka 1999 ulipokuwa unaingia, mamia ya watu waliuawa Makobola, kusini ya Uvira kidogo tu. Waliobaki walipanda milimani, na wapiganaji wa Mai-Mai wakawapokea kwa maji yaleyale na miiko ileile ya 1964. Mtoto wa nyumba ya pili kutoka kwetu alikwenda akiwa na miaka 12. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba chombo cha dawa, kwa sababu dawa hushikwa na ambaye hajajua mwanamke. Kwa hiyo utoto wenyewe ndio uliohitajika. Siku ulipokwisha walimpa bunduki.

Alitoka mwaka 2004. Nimeiona karatasi yake. Ni cheti cha kutoka katika makundi ya silaha, chenye picha yake ya miaka 17, shingo imekaza kama ya mtu anayepimwa nguo. Ameifunika kwa plastiki ya kufungia mikate, na kwenye mikunjo wino umefutika, lakini anaibeba hadi leo, na watoto wanne anao, kwa sababu iliwahi kumwokoa kizuizini walipotaka kumrudisha porini kwa nguvu. Naijua karatasi hiyo vizuri: jina, mwaka wa kuzaliwa, kundi, tarehe. Na ndivyo walivyoulizwa wote. Mashirika, waendesha mashtaka na waandishi wa habari walikuja na maswali ya aina moja: nani alikuandikisha, ulibeba silaha gani, uliona nini. Nimemuuliza kama kuna aliyetaka kujua alikuwa akicheza nini kabla ya Makobola. Alifikiri muda mrefu, akajibu kwamba mimi ni mtu wa ajabu.

Maswali ya mahakama yana kazi yake, na Thomas Lubanga alitiwa hatiani huko The Hague Machi 2012 kwa kuandikisha watoto. Ila hayawezi kuzaa Gabriel. Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, akaondoka akiwa na miaka 13, na akapata miaka 20 ya kukumbuka mahali ambapo hakuna anayegonga mlango. Mwenzake wa Uvira hakupewa hata mmoja. Machi 2006 mahakama ya kijeshi ya Bukavu ilimhukumu Jean-Pierre Biyoyo, wa kwanza nchini kufungwa kwa kosa la kuandikisha watoto. Miezi michache baadaye alikuwa ametoroka gerezani. Mtu aliyekuingiza porini unaweza kupishana naye sokoni, amenenepa, anakusalimu. Katika hali hiyo kusahau ni aina ya akili.

Lucien Badjoko wa Bukavu alijaribu. Aliingia AFDL akiwa na miaka 12, na mwaka 2005 akatoa J'étais enfant soldat kwa msaada wa mwandishi wa habari Katia Clarens. Ni ushahidi mzito, ingawa mimi, kwa masikio yangu ya mwalimu, nasikia humo mikono miwili. Kabla yake, mwaka 2000, Ahmadou Kourouma alimtoa Birahima, mtoto-askari mwenye matusi na kamusi nne, katika Allah n'est pas obligé. Nayo ilipata Goncourt des lycéens. Mara mbili basi wanafunzi wa Ufaransa wamewachagua watoto wa vita wa Afrika, na wamechagua vizuri. Lakini Kourouma alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, na vita alivyovieleza ni vya Liberia na Sierra Leone.

Maji ya ziwa hili yamewahi kupanda hadi nyumba za Kalundu, mto Mulongwe ulibomoa mitaa yetu Aprili 2020, na vikundi vya silaha vimebadilisha majina mara nyingi kuliko ninavyoweza kuwafundisha wanafunzi. Wanaoyakumbuka ya 1964 wanazikwa. Baba amekwisha kuzikwa. Waliokuwa watoto mwaka 1996 sasa wana mvi.

Basi wewe uliyekuwa kadogo, au uliyebeba maji ya Mai-Mai, ukiyasoma haya, andika. Tumia Kiswahili hikihiki cha Uvira, usisubiri Kifaransa kikunyooke. Majina ya makamanda yaache kama yana hatari, na bunduki ikae ukurasa wa mbali. Anza na mlichokuwa mkicheza kando ya mto Kalimabenge. Daftari na kalamu nitatoa mimi.