Safu Imenyooka, Mng'ato Haufungi

Mwaka juzi nilimsindikiza dada yangu na binti yake wa miaka 12 kwa daktari wa meno. Daktari, kijana mwenye adabu zake, alimwamkia dada, akamchungulia mtoto kinywani kwa kioo kidogo, kisha akasema, "Mama, mtoto ana tatizo la meno kupangana vibaya." Dada akashangaa. "Meno yake si yamenyooka kama punje za mahindi, daktari? Mimi nimemleta kwa sababu muwa unamshinda kumenya. Huupeleka kwenye magego, kama bibi yake." Mpwa wangu, ambaye katika maneno yote hayo alisikia moja tu, "vibaya", alikwisha kufunika mdomo kwa kiganja.

Dada alikuwa na haki, na daktari hakukosea. Safu ya juu ya meno ya mtoto yule ilikuwa imenyooka, na ya chini vilevile. Ila alipofumba taya, magego yalikutana, lakini meno ya mbele yakabaki yameachana, na katika uwazi ule ncha ya ulimi ikachungulia. Hali hiyo huweza kuletwa na kunyonya kidole miaka mingi, na ulimi unaosukuma meno kila mtu anapomeza, au na taya zenyewe kukua kwa kuachana. Daktari alisoma somo hili kwa Kiingereza, ambako neno malokluzheni hubeba yote mawili: jinsi meno yalivyojipanga ndani ya safu moja, na jinsi safu mbili zinavyokutana. Alipogeukia Kiswahili, alikuta tafsiri iliyozoeleka inayotaja mpangilio peke yake, tena ikiambatana na kielezi cha kulaumu. Kwa hiyo tafsiri hiyo ina kasoro mbili, na ya kwanza ni ya kisarufi zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Kitenzi cha kwanza kinachomjia mtu akitaka kuzungumzia meno kukutana ni kuuma. Lakini kuuma kwetu ni kazi ya jino na pia ni maumivu ya jino. Mwambie mgonjwa ana tatizo la kuuma, atakuonyesha jino linalomuuma, na kama halipo atakuona umechanganyikiwa. Ndiyo sababu siungi mkono maumbo kama mwumano, ingawa kwa kanuni za uundaji wa maneno yamekaa sawa na mgongano au mpishano. Mkutano wa meno nao unaita mwenyekiti na katibu. Kung'ata hakuna mzigo huo: ni kukamata na kukata kwa meno ya mbele na ya chonge, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba jino linamng'ata. Nomino mng'ato tunayo tayari, haihitaji kamati. Kutoka hapo mambo huenda bila kulazimishwa. Mng'ato ulio wazi ni ule wa mpwa wangu. Meno ya juu yakiingia ndani ya yale ya chini badala ya kuyapita kwa nje, huo ni mng'ato wa kupishana. Kwa kawaida meno ya mbele ya juu hufunika theluthi hivi ya yale ya chini, kama ukingo wa mfuniko unavyoshuka kwenye sufuria. Yakifunika mno hata ya chini yakagusa ufizi wa kaakaa, mng'ato umekuwa wa kina. Safu tuiachie maneno yake ya mtaani: meno yamebanana, yamepandana, yameachana.

Zipo namba pia, na hapa tafsiri ya haraka huzaa vichekesho. Mwaka 1899 Mmarekani Edward Angle aligawa matatizo haya katika makundi matatu kwa kutazama gego la kwanza la kudumu, lile linaloota mtoto akiwa na miaka sita hivi. Kilele cha mbele cha gego la juu, upande wa shavu, kikikaa katika kijifereji cha gego la chini, hilo ni kundi la kwanza, hata kama meno mengine yamepandana. Gego la chini likiwa nyuma ya mahali pake ni kundi la pili. Likiwa mbele, la tatu. Angle aliyaita klasi, na klasi kwa wengi wetu ni daraja. Sasa mwambie mzazi wa Kitanzania kwamba mwanawe ana daraja la kwanza uone atakavyofurahi! Kundi la pili lenyewe lina vijisehemu viwili vinavyoitwa divisheni, hivyo anayetafsiri neno kwa neno atatoa "daraja la pili, divisheni ya kwanza", na mzazi atauliza mtihani ulifanyika lini. Juu ya hayo, daraja ni jino bandia linaloegemea majirani wake wawili. Napendekeza aina. Wagonjwa wa kisukari wamekwisha kutufundisha kwamba aina ya pili si cheo.

Kasoro ya pili ni ile ya "vibaya". Mtu atasema ni neno dogo. Lakini Kiswahili kinajua vizuri kwamba jina la jino huweza kuwa hukumu. Mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, na jina hilo lilimtangaza kuwa ana mkosi. Zamani, katika baadhi ya jamii, liliweza kumgharimu uhai. Karibu na siku zetu kuna "meno ya plastiki", ambayo wengine huyaita ya nailoni. Mtoto mchanga anaharisha na ana homa, ufizi umetuna mahali pa chonge za utotoni ambazo hazijachomoza, basi uvimbe ule wa kawaida hupewa jina la ugonjwa, na jina huita kisu. Vichipukizi vya meno hung'olewa. Anayenusurika na damu na maambukizi huweza kukua akiwa na chonge ya kudumu iliyoharibika au isiyoota kabisa, na meno ya jirani yakahamia pengoni.

Wataalamu nao hawakusalimika. Angle mwanzoni alichukua uso wa sanamu ya Apollo iliyoko Vatican kuwa kielelezo cha uso uliokamilika, hadi mwalimu wa sanaa Edmund Wuerpel alipomweleza kwamba hakuna uso mmoja wa kuwapima watu wote. Kwa Waafrika wengi, meno ya juu na ya chini kusogea mbele kwa pamoja ni umbo la kawaida. Likiandikwa katika faili kama kasoro, kipimo bado ni Apollo. Tena sisi tunatofautisha pengo, ambalo ni hasara, na mwanya, ambao ni uzuri. Daktari anayeandika "uwazi usio wa kawaida" kati ya meno mawili ya mbele ya bibi harusi amefuta tofauti hiyo bila kumwuliza mwenyewe.

Sisemi kila kitu ni sawa. Meno ya juu yaliyochomoza mbele huvunjika kwa urahisi mtoto anapoanguka, na katika kipimo cha mahitaji ya tiba kilichochapishwa na Brook na Shaw mwaka 1989, mchomozo unaozidi milimita 9 huingia ngazi ya 5, ya juu kabisa. Lakini hiyo ni rula. "Mchomozo wa milimita 9" humwambia mzazi mengi kuliko "meno mabaya", na mtoto hafuniki mdomo.

Siku ile dada hakuridhika, akauliza tena habari ya muwa. Daktari akakata kipande chembamba cha karatasi, akakiweka kati ya meno ya mbele ya mpwa wangu na kumwambia ang'ate kwa nguvu. Akakivuta. Karatasi ikatoka nzima, haina hata alama. "Aa," dada akasema, "kumbe hayafungi." Mtoto hakufunika mdomo tena, akaomba karatasi atujaribu sisi. Kwa mama yake ilikatika. Kwangu iliteleza ikatoka upande wa kushoto, na daktari akaniuliza, "Na wewe mzee, muwa unaumenyaje?"