Kipima unyevu cha kuni: cha bei nafuu kinatosha

Masika moja nilikuwa Pap Onditi, upande wa Nyando kule Kisumu. Mvua ikishika, uwanda wa Kano hujaa maji na kuni hulowa hata zilizo chini ya paa. Mama mwenye mkahawa alikuwa kaletewa mzigo wa mkaratusi, muuzaji akiapa ni mkavu. Nikachomeka kipima unyevu changu kwa nje: asilimia 17. Tukapasua gogo, tukapima ndani: 34. Bei ikashuka pale pale, maana moshi wa kuni mbichi ungeishia machoni na kifuani mwa mama yule.

Kwa kuni, nunua chenye sindano mbili. Vile visivyo na sindano ni ghali zaidi na vinataka ubao laini, na gogo lililopasuliwa si ubao. Hakikisha kinasoma hadi 40, sindano zinabadilishika, na betri yake inapatikana dukani mtaani. Mipangilio ya aina za miti waachie maseremala.

Pima uso uliopasuliwa sasa hivi, katikati, sindano zikifuata nyuzi za mti. Chini ya 20, washa. Ikipita 30 usibishane juu ya tarakimu, kuni ni mbichi tu.

Unakishuku? Pima uzito wa kipande kwa mizani, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi uzito usishuke tena. Gramu 600 zikibaki 500, unyevu ulikuwa asilimia 20 ya uzito mkavu. Kipima chako kilipaswa kusoma karibu na hapo.