Injini ya Nani? V8, Namba za Bloku na Magari Yaliyopita Mombasa

Leo naziweka kodi pembeni (kodi za programu, si za nyumba, hizo mwenye nyumba hakubali ziwekwe pembeni) tuzungumze magari. Najua hii ni blogu ya kompyuta. Vumilieni, mtaona hatimaye ni habari ya data tu.

Swali ni hili. Una gari la Kimarekani la miaka ya 1960, la mbio, tena adimu. Injini imekufa. Utie nyingine iliyo nzima, au uzunguke dunia nzima kuitafuta ile ile iliyotoka nayo kiwandani? Huko Marekani wenye magari hayo wamebishana miaka na miaka, na pesa zinazobishaniwa si za mchezo. Mwaka 2014 Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971, ya kufunuka paa, iliuzwa mnadani Seattle kwa dola milioni 3.5. Za aina hiyo zilitengenezwa 11 tu. Ukimpelekea swali hili fundi wa hapa Majengo, yeye atakurudishia lake: kwani gari linatembea au halitembei?

Na msidhani magari hayo hatukuwahi kuyaona huku. Safari Rally ilianza 1953, ikiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Mwaka 1964 Ford wakaleta Afrika Mashariki timu ya Mercury Comet za V8. Miezi michache kabla ya hapo, Comet nne zilikuwa zimezunguka uwanja wa Daytona maili 100,000 kila moja kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa, kwa hiyo mabwana wale walikuja kifua mbele. Mvua ikawangoja. Magari 94 yaliondoka, 21 yakamaliza, na Comet zilizofika zilikuwa mbili tu, tena nyuma huko. Mshindi akawa Peter Hughes na Ford Cortina GT, kigari cha silinda nne.

V8 ililipa kisasi baada ya miaka 45. Mwaka 2003 yalianzishwa mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic Rally, ambayo zaidi ya mara moja yameanzia na kuishia Mombasa. Mwaka 2009 yalishindwa na Mkenya Ian Duncan, yule yule aliyeshinda Safari Rally yenyewe mwaka 1994 na Toyota Celica. Safari hii alikuwa na Amaar Slatch ubavuni na gari lao lilikuwa Ford Mustang. Yaani gari la mvulana wa California kwenda nalo ufukweni, likashinda kwenye vumbi la Tsavo!

Hapa ndipo mambo yanaponoga. Sheria za mashindano ya namna hii hazikuulizi kama bloku iliyomo ndiyo iliyozaliwa na gari hilo. Zinakuuliza kama ni ya aina iliyoruhusiwa zama zile. Ukivunja bloku leo, ukapata nyingine ya aina ile ile, kesho unaendelea. Kwa lugha yetu sisi wa programu: darasa ni lile lile, kitu ni kingine. Lakini mnunuzi mnadani anataka kitu chenyewe, si darasa. Kwa hiyo neno "asili" lina maana mbili, na nusu ya ugomvi wote unatokana na watu wawili kulitumia neno moja kwa maana hizo mbili bila kuambiana.

Mwaka 2013 Duncan na Slatch wakashinda tena, na gari la mara hii ndilo lililonifanya nikae nikaandika. Lilikuwa Ford Capri Perana. Capri ni gari la Ford ya Ulaya, na huko halikuwahi kuuzwa na V8. Perana ni kazi ya Basil Green, fundi na mfanyabiashara wa Johannesburg. Kwanza alichukua Cortina akaitia injini ya V6 ya lita 3. Ilipokuja Capri, akang'oa V6 yake akatia V8 ya inchi za ujazo 302, injini ya ukoo wa Mustang. Ford ya Afrika Kusini haikumshtaki. Iliyauza magari yake madukani mwake, na dhamana juu! Zilitoka mia chache tu.

Sasa niambieni: Perana ya asili ni ipi? Ni ile iliyobadilishwa injini. Ukiikuta Perana na V6 yake ya kiwandani, basi mtu ameiharibu.

Wamarekani wenyewe wana kisa kama hicho. GM walikuwa na amri kwamba magari ya ukubwa wa Camaro yasitiwe injini inayozidi inchi za ujazo 400. Mwaka 1967 Don Yenko, muuza Chevrolet wa Canonsburg, Pennsylvania, akawa anachukua Camaro zenye injini ya 396, anaing'oa, anaweka ya 427. Hadi 1969 alikuwa amewashawishi Chevrolet wazifunge wao wenyewe kiwandani, kupitia mlango wa nyuma wa oda maalumu zilizoitwa COPO. Mlango huo huo ndio uliotoa Camaro ZL1 ya 1969, yenye 427 ya aluminiamu, magari 69 tu. Leo Camaro ya Yenko ya 1967 inagombaniwa na matajiri, na thamani yake yote inatokana na fundi aliyeing'oa injini ya kiwandani. Watu hao hao wakiona Mustang iliyobadilishwa injini na fundi asiyejulikana, wananuna.

Tufike kwenye data sasa, maana najua kuna waliokuwa wakiingoja. Mustang ya 1965 ina namba ya gari ambayo kila herufi ina maana yake. Chukua namba inayoanza 5F09K. 5 ni mwaka 1965. F ni kiwanda cha Dearborn. 09 ni bodi ya mgongo wa mteremko. K ni injini: ile 289 kali ya nguvu za farasi 271. Ingekuwa C, ni 289 ya kawaida ya farasi 200. Herufi moja, na bei inapanda ngazi! Chuoni tulifundishwa kwamba ufunguo mkuu wa jedwali usibebe maana ndani yake, kwa sababu maana hubadilika na ufunguo haubadiliki. Ford hawakulisikia somo hilo, na leo wapenzi wa Mustang wanawashukuru.

Chevrolet walifanya kinyume. Namba ya Camaro ya 1969 inakuambia ni V8, basi. Ni V8 gani? Kimya. Inaweza kuwa injini ya mama wa nyumbani kwendea sokoni, inaweza kuwa ZL1. Safu hiyo kwenye jedwali haipo mpaka magari ya 1972. Kwa hiyo mnunuzi wa Camaro hana budi kuinama na tochi kuangalia bloku yenyewe: sehemu ya namba ya gari iliyogongwa pale mbele, herufi za aina ya injini, na tarehe ya kumiminwa chuma. Bloku iliyomiminwa baada ya gari kuunganishwa haiwezi kuwa ya gari hilo, hata mwenye gari aape vipi.

Na kumbukumbu za viwanda? Huu ndio upande unaonisikitisha kama mtu wa data. Ford walihifadhi rekodi zao kuanzia magari ya mwaka 1967, na mtu mmoja, Kevin Marti, akapata leseni ya kuzitumia. Leo ukimlipa unapata karatasi inayokuambia gari lako lilitoka na injini gani, rangi gani, likauzwa duka gani. Gari la 1965 au 1966? Hakuna. Chevrolet ndio kabisa: magari yaliyouzwa Kanada yana kumbukumbu kwa sababu tawi la Kanada lilitunza makaratasi yake, na yaliyouzwa Marekani kwenyewe hayana. Gari mapacha, yametoka mstari mmoja wa kiwanda, moja lina historia na jingine halina, kwa sababu karani mmoja hakutupa sanduku.

Pasipo kumbukumbu, uongo hustawi. Kuna watu Marekani kazi yao ni kusaga uso wa bloku na kugonga namba mpya ili ifanane na gari. Wataalamu wanawakamata kwa kuangalia mikwaruzo ya mashine ya kiwandani, ambayo ukishaisaga hairudi. Ni sawa na mtu anayefuta historia yote ya Git kisha anaandika kwamba programu ilikamilika siku ya kwanza bila kosa hata moja. Programu inafanya kazi, lakini unajua kuna mwongo mahali.

Sasa turudi kisiwani. Huku hatubishani juu ya Hemi. Namba zetu ni za Peugeot 504, Datsun, Land Rover na Mercedes za zamani. Hewa ya chumvi inakula bodi, joto linakula injini, na bandari ya Kilindini inashusha injini zilizotumika za Japani kila uchao. (Anayetaka kujua kwa nini V8 ya Kimarekani haikutamba huku, akae nayo kwenye foleni ya feri ya Likoni mwezi wa Februari.) Kwa hiyo mzee mwenye Land Rover alipoona petroli inammaliza, alitia dizeli ya Kijapani, na gari likasomesha watoto. Hakuna aliyemwona mkosaji.

Mambo yamebadilika kwa sababu magari hayo sasa yana soko. Wanunuzi wanakuja na tochi zao, wanauliza "ni ya asili?", na mzee anaona haya kwa jambo ambalo miaka 30 lilikuwa sifa. Fundi mmoja ninayemheshimu sana alifuatwa na dalali amgongee namba ya zamani kwenye bloku ya badala. Alikataa, akasema yeye ni makanika, si mganga wa kufufua maiti. Amefanya vyema, maana logibuku ya Kenya ina namba ya chesisi na namba ya injini, injini ikibadilika inatakiwa kuandikishwa upya, na namba ya kughushi ni kesi.

Maoni yangu nitayasema wazi. Gari likiwa bado na injini yake, na ni mojawapo ya machache yaliyobaki, msiiguse. Itengenezeni. Ikishindikana, itoeni, ipakeni grisi, ifungeni kwa turubai, ikae pembeni mwa gari, isiende kwa wauza vyuma chakavu. Lakini gari ambalo injini yake iliondoka zamani, injini ya badala ni sehemu ya maisha yake, na kuing'oa ili kutia bloku ya kununua mtandaoni yenye tarehe inayokaribiana ni kupoteza historia halisi kwa ajili ya historia ya kuigiza. Fort Jesus hapo ilianza kujengwa na Wareno 1593, Waomani wakaiteka 1698, Waingereza wakaifanya gereza kuanzia 1895, na mwaka 2011 UNESCO wakaiita Urithi wa Dunia pamoja na viraka vyake vyote. Hakuna aliyedai virudishwe vya Mreno peke yake.

Kuna mabadiliko makubwa zaidi yanakuja. Kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa Nairobi 2017 na kubadili jina kuwa Roam 2022, ilianza kazi kwa kutoa injini za dizeli kwenye magari ya kitalii na kuweka mota za umeme. Baada ya miaka 40 huenda mtu akatafuta gari la kwanza lililofanyiwa hivyo, na atataka karatasi.

Karatasi hizo nimeanza kuzitengeneza kwa upande wetu. Ni programu ndogo tu, jedwali moja: namba ya chesisi, injini iliyotoka na namba yake, injini iliyoingia na ilikotoka, tarehe, jina la fundi kama ameridhia, picha ya bloku kabla haijasafishwa, na sababu. Rekodi haifutiki, ukitaka kusahihisha unaongeza mstari mpya chini yake. Mpaka sasa mafundi watatu wa kisiwani wananijazia. Tarehe huwa wanakisia, namba wanaisoma mara mbili kwa uangalifu, na kwenye sababu ndiko wanakojimwaga. Moja ya wiki hii inasema: "Rejeta ilipasuka Mariakani, mwenyewe akasema tutafika."