Mkufunzi Binafsi: Binafsi ya Nani?

Kwenye mlango wa jimu moja ya mtaani kwetu, Dar es Salaam, imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa wino mzito: "Mkufunzi binafsi yupo." Jirani yangu, mama wa makamo ambaye daktari amemshauri apunguze uzito kwa sababu ya presha, aliisoma mara mbili kisha akanigeukia.

"Mwanangu, binafsi si maana yake siyo wa serikali? Kwani humu kuna wakufunzi wa serikali?"

Nilicheka, nikamjibu juujuu. Baadaye nikagundua kwamba swali lake lilikuwa zito kuliko jibu langu. Istilahi hii ina maneno mawili tu, na anayetaka kujua kama amlipe mtu huyo au abaki na fedha zake ana sababu ya kuyachambua yote mawili.

Tuanze na mkufunzi. Ni neno la ukoo wa funza, mafunzo na mwanafunzi. Tanzania, mkufunzi kwa kawaida ni mwalimu wa chuo, hasa chuo cha ualimu: anawafundisha watakaokwenda kufundisha wengine. Kenya, kurasa za michezo humwita mkufunzi yule anayeinoa timu. Kote kuwili wazo ni lile lile, kwamba kuna stadi inayohamishwa kutoka kwa anayeijua kwenda kwa asiyeijua, mpaka naye aimudu. Chuo hakijisifii wanafunzi waliokaa miaka kumi. Hujisifia waliohitimu.

Neno hili lina wapinzani. Kocha tumelichukua kwa Kiingereza, nalo asili yake ni Kocs, kijiji cha Hungaria kilichosifika kwa kutengeneza magari ya farasi. Katika karne ya 19 wanafunzi wa Uingereza walilitumia kwa utani kumwita mwalimu aliyembeba mwanafunzi mpaka ng'ambo ya mtihani. Kocha, basi, ni chombo cha kusafiria. Kiswahili kikaongeza utani wake: irabu moja tu ndiyo inayomtenga kocha anayekuinua na kochi unalolilalia.

Ndani ya jimu zenyewe neno linalotawala ni mwalimu. "Mwalimu, hii seti ya ngapi?" Lina heshima na halihitaji maelezo. Lipo pia neno ambalo hakuna atakayelibandika mlangoni, ingawa mara nyingi ndilo linaloieleza kazi inayofanyika: mnyapara. Mnyapara hafundishi. Anasimama, anahesabu na kukaripia.

Sasa binafsi. Limetoka Kiarabu: bi, yaani kwa, na nafsi ambayo sote tunaijua. Halichukui upatanisho wa ngeli, ndiyo maana tunasema maoni binafsi, sekta binafsi, wakufunzi binafsi. Lakini lina maana zaidi ya moja. Hospitali binafsi ni ile isiyo ya umma. Maoni binafsi ni yangu mimi, hayamsemei mwingine. "Nilikwenda mimi binafsi" maana yake sikumtuma mtu. Jirani yangu alishika maana ya kwanza kwa sababu ndiyo anayokutana nayo kila siku, kwenye mabango ya shule na zahanati. Hakukosea Kiswahili. Istilahi ndiyo iliyomwacha njia panda.

Wapo wanaopendekeza "mkufunzi wa mtu mmoja". Linaeleweka haraka, ila linahesabu vichwa tu. Mnyapara naye anaweza kumsimamia mtu mmoja. Kinachotafutwa ni mafunzo yaliyopimwa kwa mwili wa huyu anayelipa, kama fundi cherehani anavyozungusha futi kiunoni kabla hajagusa mkasi. Ukinunua shati lililokwisha kushonwa, unalijaribu, likikubana unaliacha. Ila ukimlipa fundi akushonee, naye akakata kitambaa bila kukupima, umelipia nini?

Mazoezi yetu kwa muda mrefu yalikuwa ya kundi. Tulikimbia mchakamchaka shuleni, wengine wakapiga kwata Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963, na leo vilabu vya jogging vya Temeke na kwingineko vinajaza barabara alfajiri za mwisho wa wiki. Kundi lina nguvu zake, kwani linakuamsha, linakutania, na usipotokea linakuulizia. Lakini hatua ni moja kwa wote, mwenye magoti mazima na mwenye magoti mabovu.

Hata hivyo, mwalimu wa mtu mmoja si mgeni kwetu. Pwani, mwali hupewa somo au kungwi wake, anayemfunda yeye, kwa tabia yake na kwa maisha anayokwenda kuyaanza. Sisemi mkufunzi wa jimu aitwe kungwi. Tutachekwa mtaa mzima. Nasema tu kwamba wazo la binafsi tulikuwa nalo kabla ya hizo mashine kufika.

Asubuhi moja nilikaa pembeni ya jimu ile nikawatazama wakufunzi wawili wakifanya kazi. Wa kwanza alimpandisha mteja wake kwenye mashine ya kukimbilia, akabonyeza mwendo, akawa anapaza sauti, "Ongeza! Bado tano!" huku macho yake yakiwa kwenye simu. Wa pili alianza kwa kumketisha mteja kwenye benchi. Aliuliza kuhusu presha, dawa anazotumia, saa za kulala, na chakula cha usiku. Kisha akamwomba achuchumae na kuinuka mara tano, bila kubeba chochote. Mara ya tatu aliinama akalitazama goti la kulia: lilikuwa likiingia ndani kila mteja aliposhuka. Akasogeza boksi nyuma yake, akamwambia ashuke mpaka aliguse tu, asiende chini zaidi. Hakupaza sauti hata mara moja. Wote wawili wanaitwa wakufunzi binafsi, lakini mmoja tu ndiye aliyelistahili jina.

Kwa anayetaka kupunguza uzito, kuna jambo jingine ambalo jina hili linaweza kumsahaulisha. Mtu wa kilo 80 akitembea kilomita 5 kwa mwendo wa haraka anatumia takribani kilokalori 300. Chapati mbili za mafuta zinaweza kuzirudisha zote kabla jasho halijakauka. Mazoezi yanaufaa moyo, presha, usingizi na misuli, lakini uzito huamuliwa zaidi mezani. Mkufunzi asiyekuuliza unakula nini anashika nusu ndogo ya kazi. Na anayekuahidi kuondoa kitambi peke yake kwa zoezi la tumbo anakuuzia ndoto, kwa sababu mwili hauchagui mafuta ya mahali unapopataka wewe.

Ushahidi mzuri upo. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliohusisha watu 3,234 waliokuwa hatarini kukipata. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya wastani kwa dakika 150 kila wiki, na wengi walifanya mazoezi hayo kwa kutembea kwa haraka. Ikilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa, kundi hili lilipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliotumia dawa ya metformini waliipunguza kwa asilimia 31. Katika kundi lile la mazoezi, kila mtu alikuwa na mwelekezi wake, aliyekutana naye ana kwa ana kwa masomo 16 katika wiki 24 za mwanzo. Masomo hayo yalihusu chakula, mazoezi na namna ya kubadili mazoea. Hapo binafsi ilikuwa na maana yake kamili, tena bila ulazima wa mashine.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, jiulize unakosa nini hasa. Kama unakosa wa kukuamsha, jiunge na klabu ya jogging. Kama unakosa mtu wa kukukaripia, huna haja ya kununua mnyapara. Lakini kama hujawahi kushika chuma, au una goti bovu, au umeanza na kuacha mara nne bila kujua kwa nini, mkufunzi wa kweli ana thamani yake, hata kwa vipindi vichache. Mwenye presha, sukari au tatizo la moyo aanze kwa daktari. Na mkufunzi anayefungua begi kukuonyesha chai ya kukata tumbo, muage kwa heshima.

Sarufi yenyewe inatoa onyo. Tunasema ninapunguza uzito, mtendaji akiwa mimi. Jaribu kumpa mkufunzi kitenzi hicho: "Mkufunzi amenipunguza." Atakayekusikia atakupa pole, akidhani umeachishwa kazi.

Nilimweleza jirani yangu haya yote tukiwa njiani, naye akanisikiliza kwa subira ya mtu aliyelea watoto. Jumatatu iliyofuata alirudi pale jimu na swali lake mwenyewe. Alimwendea yule wa pili.

"Mwalimu, utanifundisha mpaka lini?"

Kijana yule hakutaja mwezi wala bei. Alivuta benchi, akamkaribisha aketi, akafungua daftari.

"Shikamoo, mama. Tuanze na presha. Mara ya mwisho umepima lini?"