Masikio Yanayoitikia

Ezra alipofungua kitabu cha torati mbele ya Lango la Maji kule Yerusalemu, alisoma tangu asubuhi na mapema hata adhuhuri. Nehemia sura ya 8 inatueleza pia walichofanya watu: walisimama, wakainua mikono, wakaitikia Amina mara mbili. Mara nyingi tunapita haraka mahali hapo, tukidhani kwamba habari yote ni ya msomaji. Hata yule towashi wa Kushi katika Matendo 8 alikuwa akisoma kwa sauti garini mwake, ndiyo maana Filipo alimsikia. Kusoma kwa sauti lilikuwa jambo la kawaida. Agostino, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, alistaajabu alipomkuta Ambrosio wa Milano akipitisha macho kwenye kurasa bila kutoa sauti.

Sisi tunaosali Gitting, chini ya Mlima Hanang, hatukuhitaji kufundishwa jambo hili na vitabu. Wengi wetu ni Wairaqw, watoto na wajukuu wa watu walioteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu katika karne ya 20 kutafuta mashamba na malisho, wakakaa jirani na Wabarabaig waliokuwapo tangu zamani. Walipokuja walibeba slufay. Kwa msomaji asiye wa huku, slufay ni shairi refu la dua. Mzee mwenye ulimi husimama katika mkutano, akaomba amani, afya, mvua, watoto na mifugo, na waliokaa humwitikia kwa pamoja. Halipwi mtu kwa kazi hiyo. Hakuna cheo cha msomaji wala zamu iliyoandikwa ukutani. Anayeweza anasimama, na wengine wanamsikiliza kwa kuitikia. Wataalamu wa lugha, akiwamo Maarten Mous wa Leiden, Uholanzi, wameiandikia slufay kurasa nyingi, na wameona kile ambacho wazee wetu walikijua: nguvu yake imo katika sauti, ya mmoja na ya wengi.

Hapo ndipo Mkristo wa huku anapopata mashaka. Slufay humtaja Looa, ambaye kwa imani ya jadi ni mwema na huhusishwa na jua, na hutaja pia pepo wa ardhini na wa mitoni. Zaidi ya hayo ilizoeleka penye pombe. Wapo waamini wenzetu wasiokubali kukaa mahali inaposomwa, nasi hatuwadharau. Hoja yao ina uzito kuliko wanavyoieleza wenyewe. Shairi lililo kitabuni unaweza kulisikiliza ukiwa pembeni, kama mtu anayetazama mvua kutoka barazani. Slufay haina baraza. Ukikaa, unaitikia, na ukiitikia umeomba pamoja nao. Hatuwezi kuwaambia vijana wetu waende tu wasikilize utamaduni, kana kwamba kusikiliza hakugharimu kitu.

Lakini tukiwazuia wasiende, ni nani atakayeyashika maneno yale? Swali hili lina historia yake katika lugha ya Kiswahili, na inafaa tuitazame.

Pwani nako, tenzi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu lakini zikaishi kwa kusomwa mbele za watu. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani, una beti zaidi ya 1,100, na ni wachache sana waliokuwa na nakala. Wengine wote waliupata kwa masikio. Mmisionari Krapf alituma hati za tenzi Ujerumani mwaka 1854. Alikuwa mhubiri wa Injili, na tenzi zile ni za Kiislamu, hata hivyo alizitunza. Baadaye Mombasa, William Taylor wa misheni ya CMS alitaka mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840. Aliyemsaidia ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mshairi Mwislamu, aliyekusanya yaliyokuwa yamebaki vichwani mwa watu. Muyaka tunayemsoma leo alivuka nusu karne akiwa mdomoni na sikioni mwa wapenzi wa mashairi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Tungependa kuwashukuru, ingawa hatuna pa kuanzia.

Kisha akaja mtu wa bara. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alizaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Dodoma si mbali nasi: ukitoka Katesh unapita Babati na Kondoa, umefika. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, kama kisivyo kwa wengi wetu. Alijifunza sanaa ya mashairi ya pwani akiwa Mkatoliki, akachukua umbo la utenzi, lile lile lililobeba vita vya Mtume na mawaidha ya Mwana Kupona, akaliwekea Enjili, kisha Zaburi. Wengi wanamkumbuka kwa ngonjera tu, zile tulizosimamishwa shuleni kuzikariri baada ya Azimio la Arusha. Kwa maoni yetu tenzi zake za dini ndizo kazi nzito zaidi, na ni aibu kidogo kwamba zinatajwa sana na wasomi kuliko zinavyosikika makanisani. Yeye hakuzuia sikio la Mkristo lisisikie utenzi. Aliupa sikio hilo kitu cha kuitikia.

Je, slufay nayo inaweza kufanyiwa hivyo? Hatusemi kirahisi kwamba inawezekana. Utenzi una vina na mizani unavyoweza kuhamisha kama mtungi, ukamwaga hiki ukatia kile. Slufay imeshikana na mkutano wenyewe, na hatujui kama ukiondoa majina yale itabaki slufay au itakuwa wimbo mwingine wa kwaya. Hilo wataamua wazee wanaoijua, nao wanapungua kila mwaka.

Wakati tunangoja, vijana wachache wa kujitolea wanawasomea bibi na babu zetu Zaburi kwa sauti baada ya ibada ya Jumapili, hasa wale ambao macho yamekwisha nguvu. Tulianza na Zaburi ya 136, kwa sababu ina mistari 26 na kila mmoja una kiitikio kile kile, hivyo hata asiyejua Kiswahili vizuri anaweza kushika sehemu yake. Zile zisizo na kiitikio tulidhani zitasikilizwa kimya. Haikuwa hivyo. Wazee wanaguna pamoja mwisho wa kila mstari, kwa sauti ya chini, kama walivyozoea mkutanoni. Msichana anayesoma sasa ameshajua kungoja. Anapofika mwisho wa mstari anainua macho, na mpaka wote wawe wamemaliza kuitikia haendi mstari unaofuata.