Mwanafunzi Akilewa Mtaani: Mkono wa Shule Unaishia Wapi?

Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, zilizotolewa mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zina maneno ambayo wazazi wengi hawajawahi kuyasikia. Zinaruhusu mwanafunzi aadhibiwe kwa kosa kubwa alilolitenda ndani ya shule au nje yake, iwapo uongozi unaona kosa hilo limeiharibia shule jina au linaweza kuiharibia. Viboko visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Kanuni nyingine za mwaka huohuo zinaruhusu kumfukuza mwanafunzi ambaye utovu wake wa nidhamu unahatarisha jina jema la shule. Kwa hiyo kijana aliyekunywa wanzuki Jumamosi usiku, mbali na geti la shule, anaweza kuitwa mbele ya mkuu wa shule Jumatatu asubuhi.

Je, ni haki? Historia ya Tabora inaweza kutusaidia kujibu, kwa kuwa hapa swali la nani amlee kijana aliye mbali na nyumbani ni la siku nyingi.

Katika karne ya 19 kijana wa Kinyamwezi alihesabiwa kuwa mwanamume akishakwenda pwani na kurudi. Njia ilitoka Ujiji, ikapita Tabora, Ugogo na Mpwapwa hadi Bagamoyo, safari ya miezi. Wazungu waliopita wakati ule waliandika kwamba hata watoto walionekana wamebeba pembe ndogo za ndovu. Njiani pombe ya mtama haikukosekana, na wazazi hawakuwepo. Aliyekuwepo ni kirangozi, kiongozi wa msafara. Neno lake lilitawala barabarani na kambini. Lakini mizigo ikishatuliwa na vijana wakiingia vijijini kwao, kila mmoja alirudi chini ya baba na mama yake na chini ya mtemi. Mamlaka ya kirangozi yalikwenda pamoja na wajibu wake. Aliyekabidhiwa kijana ndiye aliyemwamuru.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikawa njia mpya ya vijana. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilianzisha Shule ya Tabora, mwanzoni kwa ajili ya watoto wa machifu, kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza zenye viranja na sifa ya shule ya kulindwa na kila mwanafunzi. Mwalimu Julius Nyerere aliingia hapo mwaka 1937. Mzazi wa Butiama asingeweza kuitwa shuleni kesho yake asubuhi. Shule ilikuwa mzazi usiku na mchana, na mwanafunzi aliyetoroka kwenda kunywa mjini alikuwa bado mikononi mwa mwalimu. Katika hali hiyo kumwadhibu kwa kosa la nje ya geti lilikuwa jambo la haki.

Leo hali imebadilika. Tangu katikati ya miaka ya 2000 sekondari za kata zimeenea, na wanafunzi wake wengi ni wa kutwa. Saa za masomo zikiisha, mtoto yuko kwa wazazi wake. Mwingine yuko geto, chumba cha kupanga karibu na shule kwa sababu nyumbani ni mbali, na huko hana mzazi wala mwalimu. Tumechukua kanuni ya bweni tukaitumia kwa mtoto ambaye jioni hana mlezi. Shule haimwoni usiku, ila inamwadhibu asubuhi.

Na aliyemuuzia? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Serikali ilipopiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, sote tulijua sababu mojawapo: vilikuwa vya bei ndogo na viliingia katika mfuko wa sare ya shule. Lakini wanzuki na gongo bado vipo, na wauzaji wake wengine tunakaa nao benchi moja Jumapili. Nabii Habakuki, sura ya 2, anamtamkia ole yule anayemnywesha jirani yake. Ole hiyo haimwelekei mnyweshwaji. Mtaa unaomwacha muuzaji na kumchapa mtoto umeanzia mahali pepesi.

Luther, katika Katekisimo Kubwa, anapoeleza Amri ya Nne anafundisha kwamba mamlaka yote ya malezi yanatoka kwa wazazi. Mwalimu huazimwa mamlaka hayo pale baba asipoweza kumfundisha mtoto peke yake. Alijua pia fimbo ikikosa kipimo huwaje. Alisimulia kwamba alipokuwa mtoto alichapwa mara kumi na tano katika asubuhi moja, kwa somo ambalo hakuwa amefundishwa. Kilichoazimwa hakiwezi kuzidi alichonacho mwenyewe. Kwa hiyo mwalimu akisikia kwamba mwanafunzi amelewa mtaani, hatua yake ya kwanza ni kwenda kwa mzazi. Akinyamaza anafanya kosa la Eli, aliyesikia habari za wanawe na asiwazuie. Akimfukuza bila kumkalisha mzazi, ameamua juu ya kitu cha kuazima kana kwamba ni chake.

Makanisa yetu yana uzoefu katika jambo hili. Tangu siku za wamisionari tumekuwa na marudi kwa Mkristo aliyeanguka katika ulevi. Neno lenyewe linatufundisha. Katika Kiswahili, kumrudi mtoto ni kumwonya na kumwadhibu, na kurudi ni kuja tena nyumbani. Mathayo 18 inaweka utaratibu: kwanza wawili peke yao, kisha pamoja na mashahidi, na kanisa mwishoni. Kila hatua inatafuta kumpata ndugu.

Basi shule na imrudi mwanafunzi. Imwite pamoja na mzazi, impe onyo na kazi, imkabidhi kwa mwalimu wa malezi, na imtaje muuzaji kwa serikali ya mtaa. Ulevi ukiingia darasani au ukihatarisha wenzake, adhabu na iwe kali zaidi. Lakini kumfukuza kwa kosa la Jumamosi usiku ni kumpeleka akakae siku saba za wiki palepale alipolewa siku moja. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa kilabuni uko tayari kumpokea.

Nasi washarika tusiiachie shule peke yake. Mageto yako katika mitaa yetu, na vyumba vingine ni vyetu tunaowapangisha. Mzee wa kanisa anayepita kugonga mlango jioni na kuuliza kama mtoto amekula, anafanya kazi ambayo fimbo ya Jumatatu haiwezi kuifanya.