Volti 5: namna taa na redio vilikutana kwenye sharjeri moja

Ingia leo katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu ao Lubumbashi: sharjeri moja ya telefone iko ukutani, na waya wake unalisha ma ampuli ndogo za LED pamoja na redio. Watu wanasema ni ufundi wa mtaani tu. Lakini nyuma yake iko historia ya miaka zaidi ya 60, na asiyeijua anaweza kuunguza redio, ao nyumba nzima.

Tuanze na taa. Mwaka 1962, Nick Holonyak, wa kampuni ya General Electric kule Marekani, alionyesha LED ya mwanga mwekundu ambao jicho linaona. Kwa miaka karibu 30, LED ikabaki alama tu, ya kuonyesha kama mashine imewaka. Hakuna mwanafunzi aliyeweza kusomea nayo, juu rangi ya bluu yenye nguvu ilikosekana, na bila bluu huwezi pata mwanga mweupe. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, ndio walifungua ule mlango mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2014 walipewa tuzo la Nobel la fizikia. LED nyeupe tunayonunua sokoni, kwa kawaida, ni ile ya bluu iliyofunikwa na unga wa manjano. Inataka karibu volti 3.

Sasa tuje kwa sharjeri. Wazee wanakumbuka zile adapta nzito, zenye chuma na waya wa shaba ndani. Redio ya mawe mawili ilitaka volti 3, ya mawe manne volti 6, zingine 9 ao 12. Adapta ilikuwa na kibonye cha kuchagua. Ukikosea kibonye, ao ukigeuza plus na minus, redio inaweza kufa palepale.

Mwaka 1996 USB ikatoka. Ilikuwa ya kuunganisha vifaa na kompyuta, si ya kuwashia taa. Ilichukua volti 5 sababu kompyuta zilikuwa tayari zinatumia hizo volti ndani yake. Kisha telefone zikaifuata. Mwaka 2009, kule Ulaya, watengenezaji wakubwa walikubaliana kutumia micro-USB, na tangu mwisho wa 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya inadai USB-C kwa telefone mpya zinazouzwa kule. Sisi hatukukaa kwenye meza ile, lakini matunda yake yako sokoni kwetu: sharjeri ya leo ni nyepesi, na volti 5 imekuwa kama lugha ya wote.

Ndiyo maana LED na redio ndogo ya USB vinaweza kula kwenye sahani moja. Lakini sahani iko na sheria zake. Volti wanagawana sawa, ampea zinajumlishwa. LED kumi, kila moja ampea 0.02, zinakula 0.2. Redio ikila 0.3, jumla ni 0.5. Basi sharjeri iliyoandikwa OUTPUT 5V 1A inatosha, na inabaki na nafasi. Na LED haiwekwi moja kwa moja kwenye volti 5. Volti 2 zinazobaki lazima zizuiwe na rezistansi: 2 gawanya kwa 0.02, unapata omu 100. Kila LED na rezistansi yake. Na usifungue upande wa volti 220. Sharjeri mbovu inaweza kuleta zile 220 mpaka kwenye waya mdogo ambao mtoto anashika.

Kwa wafugaji, kuna jambo moja ambalo sisi watu wa agronomia tunapaswa kulisema kwa nguvu. Ampuli ya zamani, ile ya uzi, sehemu kubwa ya umeme wake ilikuwa inageuka joto. Kwa taa, ile ni hasara. Kwa vifaranga, ilikuwa ndio faida. Kifaranga cha wiki ya kwanza kinataka karibu digri 32 mpaka 35. Ukitoa ampuli ile na kuweka LED kwa kupunguza fakture, umeleta mwanga na umeondoa moto. Asubuhi utakuta vimerundikana vimekufa, na utasema ni ugonjwa. LED iweke ili vione chakula, lakini joto litafutie chanzo kingine: jiko la makala lenye njia ya kutoa moshi, ao ampuli ya joto.

Kwa hiyo, kabla ya kuongeza kitu kwenye sharjeri yako leo usiku, geuza ile kichwa, soma maandishi madogo, kisha piga hesabu.